Kadi ya Binamu

Wenye watoto, msikilize hili, maana huja na sura ya msaada.

Mama mmoja mshonaji alifiwa na mume. Binti yake akaacha kuzungumza. Shuleni anakaa kama kiti, nyumbani ndiyo usiseme. Akaelekezwa kwa mshauri wa watoto wenye majonzi. Lakini bila bima mlangoni hupiti, na bima yao ilikwenda na marehemu.

"Dada, chukua kadi ya bima ya mwanangu," kaka yake akamwambia. "Wamefanana kama mapacha. Nani atajua?"

"Na jina?"

"Kwani jina linauma?"

Basi njiani mama akamfundisha binti: ukiitwa jina la binamu yako, itika. Ukiulizwa baba, sema yuko kazini.

Kila wiki mshauri alisogeza kikapu cha midoli, akauliza kwa upole, "Haya mwanangu, nini kinakusumbua?" Binti akatazama mlango. Angesema nini? Aliyekuja kumlilia, kwenye kadi alikuwa hai na mshahara anapokea.

Wakifika nyumbani, mama anafoka, "Tunahangaika kukutafutia nafasi, wewe umefunga mdomo! Mwambie yaliyo moyoni!" Hakuwaza kwamba mdomo ule aliufunga yeye.

Siku moja mshauri akamwita mama ndani.

"Mama, nikimtaja baba, mtoto huyu anatetemeka. Niambie ukweli. Mumeo anamfanyia nini?"

Mama akahisi uso unawaka. Mume anayetajwa pale, kwa kadi ile, ni kaka yake, tumbo moja.

"Hamfanyii kitu! Ni mtu mwema..."

"Basi itabidi niwaite ustawi wa jamii waje wamhoji."

"Baba yangu amekufa," binti akasema.

Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukaa bure. Na mama, Mungu amsamehe, akacheka kicheko cha uongo: "Usimsikilize, anaota huyu."

Binti akainamisha kichwa. Hapo ndipo mama akaona alichofanya. Alimzika baba wa mtoto mara ya pili, mbele ya mtoto mwenyewe. Akajifunika uso kwa mtandio, akaeleza yote.

 Mshauri akaisukuma kadi pembeni ya meza.

"Kwa hii siwezi kukuona tena. Lakini leo bado tumekaa. Unaitwa nani, mwanangu?"

 Binti alimgeukia mama yake kwanza, akimuuliza kwa macho kama anaruhusiwa.