Siku Redio Aliponyamaza

Redio aliponyamaza, jambo la kwanza tulilofanya ni kumpima presha.

Usicheke. Sisi ni watu wa ambulensi. Mtu akituambia hana raha, sisi tunatafuta mshipa. Presha ilikuwa sawa. Tukampima sukari, nayo sawa. Mama Bandeji, muuguzi wetu mkongwe, anayeamini hakuna tatizo duniani lisilopungua kwa dripu, akaanza kupekua kabati kutafuta dripu. Redio alikaa tu kwenye benchi la kituo, mkono wa shati umekunjwa, akatuacha tumtoboetoboe kana kwamba mkono ule ni wa jirani yake.

Hapo ndipo nilipoogopa. Redio ninayemjua mimi angekuwa ameshatangaza kwamba Mama Bandeji anachoma sindano kama anashona gunia.

Redio ni dereva wetu. Jina lake halisi liko kwenye leseni na huko ndiko linakoishi. Anaongea akiendesha, anaongea akila, na mkewe anaapa kwamba anaongea hata akilala. Kati ya kiti chake na chumba cha mgonjwa kuna kidirisha, na kidirisha hicho ndicho mdomo wake wa pili. Nimeshuhudia mama mwenye uchungu akimsihi anyamaze, asije akajifungulia kwenye kicheko. Mimi aliniita Diploma tangu siku niliporipoti kazini nimekumbatia cheti changu ndani ya bahasha ngumu. Nilikasirika wiki nzima. Sasa mtu akiniita jina langu sigeuki.

Asubuhi ya siku hiyo ukuta wa jengo linalojengwa ulikuwa umemwangukia fundi mwashi. Tulimtoa pale akiwa anaongea. Nikakaa nyuma naye, Redio akashika usukani, na safari yote mdomo kidirishani. Alimwambia fundi kwamba ukuta ule lazima ulijengwa na shemeji wa Redio mwenyewe, maana shemeji huyo hajawahi kujenga kitu kikasimama, hata hoja. Fundi akacheka. Kicheko kidogo, cha mtu anayeogopa mbavu zake, lakini kicheko.

Kisha moyo wake ukasimama.

Nikaanza kubonyeza kifua. Mikono yangu ilikuwa kazini, pumzi yangu ilikuwa kazini, sikuwa na hata neno moja la ziada. Redio hakujua. Aliendelea na habari za shemeji yake mpaka langoni mwa hospitali, mpaka akashuka, akafungua mlango wa nyuma bado anatabasamu, akaona.

Tangu hapo, kimya.

Sasa, mwezi mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumeletewa mtaalamu wa saikolojia kutufundisha kitu kinachoitwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Mwanamke mpole, viatu vya raba, sauti ya mtu asiyewahi kugombana na bodaboda. Alitufundisha mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani ameumia rohoni na kama yuko salama. Sikiliza bila kumkatiza. Muunganishe na watu wake na msaada anaouhitaji. Mchana, baada ya chai, akaongeza jambo ambalo mimi nililipigia mstari kichwani: usimchokonoe mtu aeleze yaliyomkuta. Akitaka kusema, msikilize. Asipotaka, kaa naye. Kumlazimisha mtu asimulie mbele za watu kunaweza kukichimba kidonda badala ya kukifunga.

Mkuu wa kituo alikuwepo asubuhi. Baada ya chai aliitwa makao makuu, akaondoka. Kwa hiyo Mkuu wetu alibaki na nusu ya somo, na nusu aliyobaki nayo ilikuwa "sikiliza".

Sisemi kwamba ni mtu mbaya. Mkuu anatupenda kama baba anayependa kwa kufoka. Akatoka ofisini, akamkuta Redio na mkanda wa kupimia presha mkononi na Mama Bandeji ameshika chupa ya dripu kama silaha.

"Acheni upuuzi," akasema. "Huyu haumwi mwili. Pangeni viti, wote ukumbini. Tutakaa duara. Redio atatueleza kila kitu tangu mwanzo, sisi tutasikiliza. Mpaka afunguke, hagusi usukani."

Viti vikaanza kuburutwa. Redio akainuka, akaenda kwenye bomba la uani kunawa mikono ambayo alikuwa ameshainawa. Nikamfuata.

"Kaka."

Maji yakaendelea kutiririka.

"Kaka, hulazimiki."

Akafunga bomba. Akazungumza na bomba, si na mimi. "Diploma, wakinizungushia viti, nakabidhi ufunguo. Naenda zangu. Sirudi."

Akatoa ufunguo wa ambulensi mfukoni, akautazama, akaurudisha. Hakuwa anatania. Ningetoa chochote awe anatania.

Kumbuka, kazi hii kwa Redio si mshahara tu. Ndiyo mahali pekee duniani ambapo watu hawamwambii apunguze sauti. Mtu kama yule akiondoka na jambo kama lile kifuani, peke yake, bila sisi, anaishia wapi? Sikutaka kujua.

Tukakaa duara. Watu wa zamu yetu na wa zamu inayoingia, magoti yamekaribiana, kila mtu ameinamisha uso kwa ile heshima ya msibani. Redio alikaa karibu na mlango. Nikajaribu njia ya adabu kwanza.

"Mkuu, yule mtaalamu alisema baada ya chai kwamba..."

"Diploma, zamu yako itafika."

"Si kuhusu mimi, Mkuu. Alisema tusim..."

"Mwache mwenzio aongee!"

Aongee! Mtu alikuwa amefunga kinywa kama mlango wa benki.

"Haya, mwanangu," Mkuu akasema, sauti ameilainisha kabisa. "Anzia pale ulipowasha gari. Usiruke kitu. Ulimwambia nini? Yeye akasema nini?"

Nikaona mkono wa Redio unateremka mfukoni. Nikaona vidole vinatoka na ufunguo.

"Tumbo!" nikasema, nikasimama. "Samahanini, tumbo langu."

Mama Bandeji akanitazama kwa matumaini. Nikamruka, nikatoka, nikakimbia mpaka uani, nikafungua mlango wa ambulensi. King'ora chetu hakihitaji ufunguo. Kinahitaji kidole.

Nikabonyeza.

Ninyi msiofanya kazi hii hamwezi kuelewa king'ora kinavyotufanya. Kikilia uani nje ya saa ya majaribio, hakuna mtu anayeuliza. Unakimbilia gari lako, maswali baadaye. Miguu inatangulia, akili inafuata na viatu mkononi. Ukumbi ulitapika watu. Viti vikaanguka. Wawili wakatoka na machela, mmoja amevaa glovu ya mkono mmoja. Mlinzi alishafungua lango na yuko katikati ya barabara anasimamisha magari kwa kofia. Mama Bandeji, umri wake wote ule, aliwapita vijana watatu, na chupa ya dripu bado mkononi.

Na Redio. Redio alifika wa kwanza. Aliruka kwenye kiti chake, ufunguo ambao ulikuwa unaelekea mezani kwa Mkuu ukaingia mahali pake, akafunga mkanda, akanigeukia.

"Wapi?"

"Hakuna mahali."

"Hakuna mahali ndiyo wapi? Pana lami?"

Nusura niubusu mkono wake.

"Hakuna simu iliyoingia, kaka. Nimekutoa tu kwenye viti."

Akanikodolea macho. Akazima king'ora. Nje wenzetu wamesimama na machela tupu, wanatazamana. Mama Bandeji akachungulia dirishani, akamwona Redio, akaniona mimi, akaelewa bila kuambiwa. Akageuka, akapiga makofi.

"Majaribio! Ni majaribio! Rudisheni machela. Na wewe, ungeokoa nani na glovu moja? Mlinzi, waachie watu barabara yao!"

Mkuu akaanza kuja upande wetu amekunja ngumi. Mama Bandeji akamshika kiwiko na kumpeleka kivulini akimnong'oneza. Sijui alimwambia nini. Nadhani alimpima presha.

Ndani ya gari tukakaa. Sikuuliza kitu. Mimi kukaa kimya ni kazi ya kulipwa posho, lakini nilijikaza kisabuni. Redio alikuwa anauparuza usukani kwa ukucha, mahali ambapo ngozi imebanduka.

"Moyo wake ulisimama wapi?" akauliza.

"Karibu na njia panda."

"Na mimi naongea."

"Na wewe unaongea."

"Namsema shemeji."

"Ndiyo."

"Nilikuwa namchekesha maiti, Diploma."

Ningeweza kumwambia hapana, usiseme hivyo, usijali, yatapita. Maneno hayo tumeyajaza ndani ya ambulensi kuliko pamba. Nikaamua kutomdanganya.

"Sijui alisikia mpaka wapi, kaka, na hakuna atakayejua. Ninachojua ni kwamba alicheka. Nilikuwa nimemshika mkono alipocheka, nikausikia mkono ukilegea, ule ulegevu wa mtu aliyeacha kuogopa kidogo. Na ulipoendelea, aliyekuwa anakusikiliza ni mimi. Kila kitu mle ndani kilikuwa kinatetemeka, na mikono yangu pia. Sauti yako haikutetemeka. Nikaishikilia."

Redio akalia. Alilia vilevile anavyoongea, bila vituo. Sikumpigapiga mgongo. Nilimpa pamba, kwa sababu hatukuwa na kitambaa, na ikamng'ang'ania kwenye ndevu, nikamwacha nayo.

Alipotulia nikamuuliza, "Sasa hivi, sasa hivi tu, unahitaji nini?"

Akafikiri. "Nisiendeshe leo."

"Haya."

"Nisikae duara."

"Hukai."

"Na nyumbani... wale watoto wakisikia mlango wanakaa kabisa kwenye mkeka kusubiri nichekeshe. Siwezi, Diploma. Mtu awaambie leo baba ana likizo."

Nikampigia mkewe hapohapo.

"Wifi, ni mimi, Diploma. Mumeo yuko salama, yuko hapa kando yangu. Leo kazini tumepata siku mbaya na amenyamaza."

"Amenyamaza? Huyo?" Nikasikia sufuria inawekwa chini. "Mmempima presha?"

"Tumempima, wifi."

"Basi ni jambo kubwa. Nakuja."

"Ukija usimuulize kitu. Akisema mwenyewe, msikilize. Na watoto..."

"Watoto naenda kumwachia mama yao mdogo. Wewe usimwondoe hapo."

Akaja na kanga begani na viatu visivyolingana, sikumwambia. Hakuuliza kitu. Alichukua begi la mumewe kwa mkono mmoja, na mkono wa mumewe kwa mkono mwingine, akambandua pamba kidevuni, wakaondoka kwa miguu wakipita upande wenye kivuli. Ufunguo, Redio alikuwa ameuacha kwangu. "Nitunzie," alisema. Hakusema "nakabidhi".

Mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Simu ya kweli ingeingia wakati ule je? Watu wote wako uani wanacheza maigizo yako?"

"Wangekuwa wameshakaa tayari ndani ya magari, Mkuu."

"Usinijibu kwa ulimi mrefu!" Akakaa. Akavua miwani, akayasugua macho. "Kulikuwa na muuguzi hapa kabla yako. Alipata siku kama ya Redio. Akanyamaza. Nikasema, mwache, atapoa mwenyewe. Hakupoa. Aliacha kazi, akaacha kula, akaacha watu. Nikikutana naye mjini ananipita. Kwa hiyo usinifundishe mimi habari za kumwacha mtu na ukimya wake."

"Sikumwacha, Mkuu," nikasema. "Nilikaa naye."

"Kesho asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, utaomba radhi mbele ya wote. King'ora si kengele ya shule."

Kesho yake tukasimama mstari uani, zamu inayotoka na zamu inayoingia. Redio naye alikuja. Sikutegemea. Hakuwa amepona, macho yalikuwa yamevimba na alikuwa amesema "habari" moja tu tangu afike, akakaa kwenye meza ya simu, mahali ambapo Mkuu mwenyewe alimpangia wiki nzima bila kumwomba asimulie lolote. Mlango wa chumba cha simu ulikuwa wazi. Alikuwa anatusikia.

Mkuu akakohoa. "Diploma ana neno."

Nikasogea mbele. Usiku kucha nilikuwa nimelitunga lile neno la radhi, na nilikuwa nimelitunga vizuri. Nikitaka, ninaweza kuomba radhi mpaka ukuta ulie. Nikamtazama Mkuu. Nikawatazama wenzangu, yule wa glovu moja, Mama Bandeji aliyekuwa ananikonyeza sijui ninyamaze au niendelee. Nikafikiria ufunguo ukitoka mfukoni.

"Mkuu, jana niliwakimbiza watu bure, nikamwaibisha mlinzi barabarani, na nilidanganya kuhusu tumbo langu," nikasema. "Ukinipa kuosha magari yote mawili mwezi mzima, nitayaosha, ndani na nje. Ukiniandika onyo, nitatia sahihi."

"Vizuri. Na radhi?"

"Radhi siombi."