Mfuko wa Mipira

Kocha wa timu yetu ni mdogo wangu, na jezi za timu nafua mimi. Nasema mapema ili mtu asiniulize yananihusu nini.

Chumba chetu cha kubadilishia nguo kina sheria moja, na aliitunga kocha mwenyewe: humu ndani ni "sisi" tu. Ukiwaambia wenzako "mmekosea" badala ya "tumekosea", utabeba mfuko wa mipira mpaka uwanjani, hata uwe nahodha. Miaka minne sijawahi kumwona yeye akiubeba.

Wiki ya mwisho ya msimu timu kubwa ya ligi yetu ikampigia simu. Aliweka spika nisikie, maana nimemlea na hana siri kwangu. Mwenyekiti wao alimsifia weee, akamwahidi nyumba, kisha akasema kwa sauti ileile laini, "Tukishinda, tumeshinda. Ukifungwa mechi tatu, umefungwa."

Nilimuuliza kama amelisikia hilo "umefungwa", akasema mimi napenda kushika watu maneno. Nikamkumbusha kwamba msimu huo tu wamefukuza makocha watatu, na wa mwisho alikuta kitasa cha ofisi yake kimeshabadilishwa. Akanijibu kwamba anaogopa zaidi kuzeekea hapa, kwenye benchi la mbao. Hakuwa anatania. Basi tukawa waoga wawili jikoni, kila mmoja na woga wake. Jibu lilitakiwa Jumamosi, baada ya mechi yetu ya mwisho.

Jumamosi hiyo nilikuwa nagawa soksi wakati anazungumza na wachezaji. Alisema vizuri kama siku zote, mpaka alipofika mwisho.

"Mkifungwa leo, msilaumiane."

Kipa wetu, tunayemwita Komeo ingawa msimu ule alifunguka mara nyingi tu, akausukuma mfuko wa mipira kwa mguu, taratibu, mpaka ukagusa kiatu cha kocha. Kocha akaubeba. Siku nyingine tungecheka mpaka mbavu ziume, lakini siku hiyo niliogopa hata kumtazama mtu usoni.

Tulishinda mbili kwa moja. Nikajipa moyo kwamba mfuko umemrudisha kwetu, atabaki. Kumbe wapi. Nilimkuta kwenye korido, simu sikioni, anasema, "Nakuja."

Akarudi ndani kuaga. Wote walishaelewa. Nahodha alikuwa ameinama anafungua kamba za viatu, na aliuliza bila hasira, bila kuinua kichwa.

"Kocha, msimu ujao mtatufunga ngapi?"

Mdogo wangu akautazama mfuko wa mipira, akasubiri usukumwe kwa nahodha. Ulikuwa umesharudi miguuni pa Komeo, na Komeo hakuusogeza.