Mluzi Wakati wa Kwaresima

"Mama Mayala, nani anapiga mluzi humo ndani kwako, na Kwaresima yote hii? Mnaita nyoka?"

Jirani yangu Adelina aliniuliza hivyo asubuhi moja, akichungulia juu ya ua wa mabua huku anacheka. Nikamwambia hakuna anayepiga mluzi kwangu, labda masikio yake yamezeeka.

"Yangu yamezeeka, yako yameziba," akasema.

Tukacheka. Nikaingia ndani. Mjukuu wangu Julieth alikuwa amelala chali mkekani, mdomo wazi, na mluzi ulikuwa unatoka kifuani mwake.

Julieth alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Wenye mtoto wa namna hiyo wanajua, nyumba nzima inaishi kwa kusikiliza kilio. Mifupa ikimuuma analia, tunakimbia naye. Akinyamaza, tunamshukuru Mungu. Alipofikisha miaka tisa, hospitali kubwa kule Dodoma walichukua uloto wa ndani ya mifupa ya kaka yake Godbless, wakampandikizia yeye. Tangu hapo hakulia tena. Hapa Ipole tulitoa Misa ya shukrani, na baba yake, mwanangu Mayala, alicheza hadi soli ya kiatu ikabanduka.

Mama yake Julieth alikuwa na kichanga, kwa hiyo mimi ndiye niliyemuuguza Dodoma. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alinivuta pembeni.

"Bibi, ugonjwa wa damu umekwisha. Lakini uloto ule ni mgeni. Kuna watoto ambao baada ya miaka unamgeukia mwenyeji wake, na unaweza kuanza na mapafu. Hauumi. Njia ndogo za hewa zinakakamaa taratibu, na zikishakakamaa hazirudi. Tukiwahi, tunaokoa zilizobaki. Mleteni apulize kwenye mashine kila tarehe yake ikifika. Na moshi umkae mbali."

Moshi, kwa mkulima wa tumbaku!

Mwaka wa kwanza alipelekwa, akapuliza vizuri. Mwaka wa pili Mayala akasema, mtoto mzima tunamsumbulia nini? Msimu huu akaanza kumtuma kubeba majani ya tumbaku kutoka shambani hadi kwenye bani, ile nyumba ya udongo tunamokaushia kwa moto wa kuni. Kwetu, tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani kwa barabara hii hii inayopita mbele ya nyumba, mtu mwenye afya anajulikana kwa mzigo wake. Mayala akawa anawaonyesha majirani: "Haya, mwoneni mgonjwa wenu!" Julieth anatabasamu tu, hasemi kitu. Watu wakadhani ni adabu.

Mimi nilikuwa namsikiliza kwenye rozari. Kila jioni yeye huongoza, sisi tunaitikia. Aliporudi kutoka Dodoma alikuwa akiitiririsha Salamu Maria hadi "amebarikiwa" kwa pumzi moja, kama anashindana na mtu. Ilipofika Noeli iliyopita akawa anapumzika katikati. Kwaresima ilipoanza, anakatia penye "Bwana yu nawe." Nilimwambia Mayala. Akasema ni mafua.

Siku ile ya mluzi, jioni, nikamfuata kwenye bani. Alikuwa anasukuma gogo motoni.

"Mayala, mtoto anatakiwa Dodoma."

"Mayu, anaumwa wapi?" akauliza, akiniita mama kwa kilugha chetu.

"Kifua. Kinapiga mluzi."

"Amelia?"

"Hajalia."

"Basi." Akapangusa macho, mekundu kwa moshi. "Bani limejaa, Mayu. Moto huu ukizimika leo, majani yote yanaoza na msimu wangu umekwenda. Tukimaliza kukausha nitampeleka mwenyewe. Wewe ulizoea kilio, sasa umekikosa, unatafuta mluzi."

"Ubishi wa marehemu baba yako huo."

"Na uoga ni wa kwako."

"Haya. Basi njoo tusali. Tangu Jumatano ya Majivu hujapiga goti ndani ya nyumba hii."

Alikuja ili kunifunga mdomo tu. Akapiga goti karibu na mlango, nguo zake zikinuka moshi. Julieth akashika rozari.

"Salamu Maria, umejaa..."

Akavuta hewa. Mabega yalipanda karibu na masikio, na kale kamluzi kakaja, kembamba, kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Hatukuitikia, maana hajafika pa kuitikia. Tukangoja.

"...neema. Bwana..."

Akaweka kiganja sakafuni, akajiegemeza. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Unaumwa, mama?" baba yake akamuuliza.

"Siumwi, baba." Akavuta tena. "Hewa tu... inagoma."

Akarudia tangu mwanzo, kwa kuwa nilimfundisha kwamba Salamu Maria haiachwi njiani. Safari hii hakufika hata penye "umejaa." Alibaki amefumbua mdomo, anatutazama mmoja mmoja, na ndani ya nyumba ukabaki ule mluzi peke yake.

Mayala akasimama, hata ishara ya msalaba hakufanya. Moshi wa bani ulikuwa unaingia taratibu dirishani. Akalifunga dirisha. Kisha akanyanyua ndoo mbili za maji nilizochota kwa ajili ya kupikia, akatoka nazo kuelekea kwenye moto wa bani.