Ekari za Misao

Tsune aliingia ofisi ya wilaya huku tope la stroberi limemkaukia magotini. Tangu alfajiri alikuwa akitambaa kati ya matuta. Sheria za California zilimkataza Mjapani kama yeye kumiliki ardhi, kwa hiyo ekari zao kumi na mbili ziliandikwa kwa jina la bintiye Misao, aliyezaliwa hukohuko, raia.

Mumewe alipokuwa akikata roho aliacha neno moja: jina la Kurihara lisife. Mtoto wa kiume hawakuwa naye. Basi ilibidi mkwe aje kwao, alichukue jina lao. Mshenga akamleta Eikichi, mzaliwa wa Hiroshima. Misao aligoma miezi mitatu, kisha akachoka kumwona mama yake akila peke yake jikoni. Leo walifuata kibali cha ndoa.

"Bwana harusi kazaliwa Japani?" karani aliuliza.

"Ndiyo," Misao alijibu.

"Ukiolewa naye, binti, uraia huna. Na shamba huna."

"Anasemaje?" aliuliza Tsune, asiyejua Kiingereza.

"Anasema nichague. Mume au shamba."

"Mwambie wewe umezaliwa hapa!"

"Anajua, Mama. Ndiyo maana nina cha kunyang'anywa."

Tsune alimwinamia karani, akamshukuru. Misao alikuwa keshafika mlangoni, akifungua na kufunga mkoba wake.

"Unamshukuru kwa lipi?"

"Twende. Sake ya harusi haiombi karatasi."

Jumapili wakaoana nyumbani kidesturi, kwa kunywa sake, pombe ya mchele, mbele ya picha ya marehemu. Serikali haikualikwa.

Mwaka uliofuata walirudi ofisini kumwandikisha mtoto. Eikichi alimpakata. Misao hakutulia, alihamisha uzito mguu huu, mara mguu ule.

"Baba wa mtoto?" aliuliza mwanamke wa dirishani.

Misao alitazama kalamu. Akimtaja Eikichi, watauliza ndoa iko wapi.

"Hajulikani."

"Kasemaje?" Tsune alimnong'oneza Eikichi. Neno lile la Kiingereza Eikichi alilijua. Akamvuta mtoto karibu na kifua.

Mwanamke aliandika, akatikisa kichwa, akaisukuma karatasi mbele. "Panatakiwa shahidi. Huyo kibarua wako anajua kuandika?"

Misao alimgeukia Eikichi.

Eikichi alimkabidhi Tsune mtoto. Akajifuta viganja kwenye suruali, akainama, na chini ya neno *shahidi* akaandika, herufi moja moja, jina la kwao aliloliacha siku ya harusi.