Shali ya Kijivu

...na Tamsin anasema pumzika, mbele ya kamati nzima anasema, "Lorna, mpenzi, sisi tunachotaka ni upumzike tu," pumzika, neno langu mwenyewe, mimi ndiye niliyelileta kwenye nyumba hii ya uzazi wakati wakunga wa Vermont walikuwa wanakesha mpaka wanasinzia kwenye usukani, na Tamsin huyu huyu alikuja hapa amekonda, anajifungia chooni kulia, nikamwambia hapa kila mwanamke anafanya kazi kwa mwendo wa mwili wake, aliye kwenye siku zake anajitanda ile shali ya kijivu na hakuna wa kumpa zamu ngumu wala kumdai uamuzi mzito, hata mimi mkuu, akalia tena, kwa furaha, kumbe anajifunza pa kunichoma... asubuhi kaniona nimejitanda, kanimiminia chai, kaniuliza kiuno kinaendeleaje, halafu kaenda sebuleni kuwapigia wanakamati simu, mkutano wa dharura, leo hii hii, Lorna akabidhi uongozi... "mwendo wako tunauheshimu," anasema, atajua hajui, tumbo linanikata na bado naweza kuinuka nikamvua nguo mbele za watu, niwaambie alipojifungua nani alibeba zamu zake msimu mzima wa theluji, nani alimpikia supu, lakini Garrett mwenyekiti anatafuna donati na kuitikia kwa kichwa, huyo keshanunuliwa na ahadi za Tamsin za vitanda vipya, akina mama mara mbili ya sasa, haraka haraka, na hao wengine je, wanainamia vikombe vyao, walikuwa wanaelekea upande wa Tamsin, nimeliona hilo tangu vuli, angengoja theluji iyeyuke angewapata wote na mimi ningebaki na shali yangu... "Kwa nini leo?" Hiyo sauti ya Claudette, mkongwe wa kamati, wajukuu zake wote nimewapokea kwa mikono hii, sindano zake za kufuma zimesimama. "Kwa sababu tukichelewa..." Tamsin anaanza, shingo imemwiva wekundu, anahema juu juu, pumzi fupi, naijua pumzi hiyo, Mungu wangu, naijua, ni ya mwanamke anayesukuma na njia haijafunguka, akikazana ndivyo panavyovimba, ndivyo panavyojifunga, na ndiyo kazi yangu miaka yote, kumshika mkono na kumwambia bado, mama, pumua, usisukume, utachanika... nimekalia mikono yangu. Claudette ananitazama, anaitazama shali, anamtazama Tamsin, taratibu, na Tamsin haoni, anasema tupige kura sasa hivi, sasa hivi, na hasira yangu imetulia tuli, imekuwa tamu, sina haja ya kuinuka, sina haja ya kupaza sauti. "Lorna, una la kusema?" anauliza Garrett, sukari mdomoni. Navuta shali mabegani. Sijawahi kumdanganya mwanamke juu ya wakati wake, hata mmoja, hata yule aliyenitemea mate. "Mwacheni amalize," nasema, kwa sauti yangu ya chumba cha kujifungulia, ile laini, ambayo Tamsin amekuwa akiiamini siku zote. "Endelea, mama. Sukuma."