Kamba Iliyotoka Angani

Bi Acha alikuwa akimfunga kuku miguu pale mkwewe Dupa alipotokea uani, ameloa umande hadi kiunoni, mikanda miwili ya katani ikining'inia begani. Hakuulizwa habari za nyumbani. Mkwe anayefika mapema hivyo na mikanda miwili ya kuvukia mto, mmoja wake na mmoja wa mama mkwe, ameshasema yote.

"Uchungu umeanza lini?"

"Usiku, Mama. Anakutaka wewe tu. Nikimwambia bibi yupo, ananitukana."

"Mwache atukane. Mwenye kutukana bado ana nguvu."

Alisema hivyo kumtuliza kijana, lakini moyo wake haukutulia. Siku chache nyuma alikuwa amelipapasa tumbo la binti yake Namei na kukuta kichwa cha mtoto kiko juu, mbavuni. Namei mwenyewe alizaliwa vivyo hivyo, akaokolewa na mikono ya bibi yake mzaa mama, na mikono ile ndiyo iliyomfundisha Acha. Huko kwa kina Dupa alikuwapo bibi mmoja tu, kipofu, anayetetemeka hata akishika bakuli la uji.

Akamtia kuku kikapuni pamoja na siagi na kibuyu cha pombe ya mahindi, maana mzazi hupikiwa kuku kwa siagi na pombe ili damu irudi, na mzazi asiyepikiwa na mama yake huonewa huruma maisha yake yote. Wakaanza kuteremka.

Kutoka mlangoni kwa Acha unaiona nyumba ya Namei, ng'ambo ya Mto Nu, imeshikilia genge, moshi ukitoka paani. Mbwa wa kule akibweka wa huku humjibu. Lakini kufika ni kushuka genge, kuvuka, na kupanda genge jingine, na kuvuka ni kwa kamba. Unafunga mkanda kiunoni na mapajani, unakikamata kipande cha mti chenye mfereji kinachokaa juu ya kamba, unajirusha, na chini yako mto unanguruma.

Zamani kamba ilikuwa ya mianzi. Kila mwaka, katika miezi ya baridi, mianzi ikiwa haina maji, kila nyumba ilitoa mtu wa kukata na kusokota kamba mpya. Mwaka ambao boma liliwachukua wanaume wote kwenda kupasua mawe ya barabara ya vita, hapakubaki wa kusokota. Kamba kuukuu ikaachwa itumike tena. Mume wa Acha, akirudi kutoka kwenye kazi ya barabara, alikuwa katikati ya mto ilipokatika, na haikupatikana hata kofia yake.

Halafu ikaja ndege. Ndege za vita zilikuwa zikipita kila siku juu ya milima ile, zikitoka Uhindi na shehena za kuwapelekea Wachina waliokuwa wakipigana na Wajapani, na si zote zilifika. Watu wa bonde walishazoea kusikia ngurumo juu ya mawingu ikikatika ghafla, kisha mlima ukajibu. Baridi iliyopita, ndege moja ilijigonga kwenye mgongo wa mlima juu kabisa ya kijiji chao. Wanaume walipanda na uji wa moto na pombe, wakitumaini kumkuta aliye hai. Walikuta vijana wa kigeni, ndevu hazijakomaa, wameganda. Wakawafukia kwa mawe palepale, kwa sababu aliyekufa kwa kuanguka hapitishwi mbele ya milango ya walio hai, wakavunja chungu juu ya kaburi, wakalia kidogo kwa ajili ya mama zao ambao wasingejua wana wao wamelala wapi.

Karani Tao wa boma akaja na wapagazi. Akabeba matairi, mapipa ya mafuta, hata viti. Kilichobaki ni shehena moja iliyowashinda, bunda kubwa la kamba ya chuma. Yipa, mkuu wa kijiji, alimpa paja la nguruwe lililokaushwa, akamwomba ile kamba.

"Chukueni," Karani akasema, akicheka. "Mkafungie mbuzi!"

Kijiji kizima kiliiteremsha mabegani, wakaitandaza juu ya mto, na tangu hapo hakuna aliyekufa maji. Na katika furaha hiyo wakafanya kosa ambalo wazee wao wasingelifanya: baridi ile hawakukata mianzi. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema, lakini mbele ya chuma nani aliwakumbuka wahenga?

Acha na Dupa walipofika ukingoni walikuta watu wamejazana na hakuna anayevuka. Karani Tao ameketi juu ya gogo, koti la mvua limemfika visiginoni, askari wawili nyuma yake. Yipa amesimama mbele yake, kilemba mkononi.

"Ni mali ya vita," Karani alikuwa akisema. "Mmeiba mali ya vita, na mnajua adhabu yake."

"Bwana Karani, ulitupa wewe mwenyewe. Ukasema tufungie mbuzi."

"Na hao ni mbuzi?" Aliwaonyesha watu kwa kidole. "Naona wanavaa nguo."

Askari wakacheka. Nyuma mtu akanong'ona kwamba chuma kimepanda bei huko chini, kwamba tajiri mmoja wa mjini anatafuta kamba ya kuvutia malori, na kwamba vita vyenyewe havina habari na kamba ile. Kila mtu alijua ni kweli. Mto ulikuwa umefura kwa mvua, maji ya rangi ya udongo, magogo yakipita.

Amri ilikuwa rahisi. Karani na askari wake watavuka kurudi upande wa boma, wakiwa na vijana wa kuvuta. Kisha wa upande huu watafungua kamba kutoka kwenye mwamba, na wa kule wataivuta.

"Subirini maji yapungue, mkubwa," Yipa akasema. "Kamba ni nzito. Ikigusa maji haya itawashinda."

"Nikusubiri wewe, au nisubiri mto?"

Acha akapenya mpaka mbele. Akapiga goti, kwa sababu alijua wakubwa wanapenda nini. "Bwana, binti yangu yuko kwenye uchungu, nyumba ile pale. Mtoto amekaa vibaya. Nivushe kwanza, kisha chukua kamba yako."

Karani aliutazama moshi ng'ambo, akamtazama yeye. "Una kibali?"

"Kibali gani, bwana?"

"Cha kuvuka. Hii ni vita, mama. Wajapani wanatuma wapelelezi hata wanawake. Kuvuka ni kwa kibali."

"Kinatolewa wapi?"

"Bomani."

"Boma liko ng'ambo, bwana."

"Basi nenda ukakiombe," akasema Karani, na mara hii hata askari hawakucheka.

Dupa alitaka kumrukia. Acha akamshika mkono. Karani akaiona mikono ya kijana huyo, minene ya mkulima, akamchagua kuwa wa kwanza kati ya wavutaji.

Acha akamvuta Dupa pembeni, huku askari akipiga kelele waharakishe. Alizungumza haraka, bila haya, mambo ambayo mwanamke hamwambii mkwewe hata siku moja. "Sikiliza, baba. Ukimaliza kuvuta, kimbia. Pasha mikono yako moto, upake siagi. Mlaze chali, inua nyonga kwa nguo. Tafuta kichwa, kigumu hivi." Akaikunja ngumi ya kijana na kuiweka chini ya mkono wake mwenyewe. "Usisukume wakati anabanwa. Akipumua, ndipo umgeuze mtoto, kichwa kishuke. Polepole, kama mtu anayegeuza jiwe majini asichafue maji. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Rudia."

Alirudia neno kwa neno. Acha akamvalisha kikapu mgongoni. "Na kuku umpike wewe. Mwambie nimempika mimi."

Wakavuka mmoja mmoja, Karani akiwa wa kwanza, amefumba macho, akiisifu ile kamba kwa jinsi alivyoikumbatia. Walipofika wote, askari wakaelekeza bunduki upande huu. Yipa akaufungua mfungo wa kwanza akilia waziwazi. Wa pili ulikuwa umekaza, wakaitwa watu zaidi, na Acha akauweka mkono wake juu ya chuma kile kilichomfikisha kwa binti yake msimu mzima, akaufungua pamoja nao. Kama kazi hii ni ya kumfikisha Dupa nyumbani, alijiambia, basi iishe haraka.

Kamba ikachomoka, ikaanguka majini. Kule ng'ambo wavutaji wakainama. Kwa muda kidogo ilikuja. Halafu mti mzima, na mizizi yake, ukaja na mkondo, ukaikumbatia kamba katikati na kwenda nayo. Wavutaji wakaburutwa kwenye mawe. Wakaachia. Mfungo wa ng'ambo ukang'oka pamoja na kipande cha mwamba, na kamba yote ikaingia mtoni. Haikubaki ya boma, ya tajiri, wala ya kijiji.

Mto ulimeza sauti zote, kwa hiyo Acha aliona tu. Alimwona Karani akirukaruka. Alimwona Dupa akigeuka na kuanza kukimbia kupanda njia ya nyumbani, kama alivyoambiwa, na askari wakimkimbilia. Walimpiga kwa kitako cha bunduki, wakamfunga mikono. Lazima mtu mmoja awe ameipoteza mali ya vita, na anayekimbia ndiye mwenye kosa. Wakampeleka kwa njia ya boma. Askari wa nyuma alibeba kikapu.

Watu wakaanza kuondoka. Juu ya mawingu ndege ilipita, ikienda zake na shehena yake.

Acha alimnyang'anya Yipa mundu kiunoni, akaelekea kwenye mianzi kando ya njia, akakata wa kwanza.

"Mama Namei," Yipa akamwita taratibu. "Huu si mwezi wake. Mianzi imejaa maji. Wadudu wa fukusi wataila kabla ya mavuno."

"Waile. Mimi nataka kamba ya siku moja."

"Hata ya siku moja haisokotwi leo. Wala kesho."

Acha akakata wa pili, wa tatu, akiitazama ng'ambo kila alipoinua mkono. Mwanamke mmoja akaja akaketi, akaanza kupasua. Kisha mumewe. Yipa akavaa kilemba chake, akaenda nyumbani kuleta panga.

Jua lilipoingia nyuma ya mlima, moshi wa nyumba ya Namei ulikuwa umekuwa uzi mwembamba. Hakukuwa na mtu wa kuchochea moto ila yule bibi kipofu. Acha alikuwa akiutazama moshi huo ulipokatika. Akakata mwanzi mwingine.