Mkanda Uliokatika

Mwinyimadi alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha mkonge karibu na Mlandizi, na ufundi huo alimfundisha shemeji yake, Twalibu. Asubuhi moja, Twalibu akiwa kando yake, alimwambia mnyapara, "Mkanda huu umechakaa. Tusimamishe mashine."

Mnyapara alikataa. Kabla ya adhuhuri mkanda ulikatika, ukamvunja mkono kibarua mmoja, Salehe.

Mzungu msimamizi alipouliza, mnyapara aliapa kwamba hakuambiwa kitu. Mwinyimadi hakubabaika. "Muulize Twalibu, bwana. Alikuwapo."

Twalibu aliinamisha uso. "Sikusikia neno, bwana."

Mwinyimadi alifukuzwa palepale, na kazi yake akapewa Twalibu.

Jioni Twalibu alikuja nyumbani kwa Mwinyimadi. "Shemeji, nisamehe. Ningesema kweli tungefukuzwa sote."

Tatu, mke wa Mwinyimadi, ndiye aliyemjibu. "Kaka, Salehe anaamini mume wangu ndiye aliyemlemaza. Nenda kamwambie kweli."

Twalibu aliondoka, lakini kwa Salehe hakufika. Kesho yake Mwinyimadi alikwenda mwenyewe kumjulia hali, na Salehe akageukia ukutani asimtazame.